Jiwe la Kijani na Njia ya Karema

Nchi ya Mpanda, pamoja na makazi ya Katumba yaliyo ndani yake, husifiwa zaidi kwa vitu vinavyoonekana juu ya uso wa ardhi: misitu ya miombo, asali, mahindi, tumbaku, na hifadhi ya Katavi yenye viboko na nyati. Vilivyo chini ya ardhi hiyo vyajulikana na wachache. Mwamba wa huko ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka ipatayo milioni elfu mbili, na wataalamu wa miamba, walipotafuta jina la ukanda mzima unaopita kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, waliuita kwa jina la Wabende, wenyeji wa upande ule. Ndani ya ukanda huo mna dhahabu, fedha, risasi na shaba. Na mahali palipo na shaba, maji ya mvua yakipenya kwa karne nyingi katika nyufa za mwamba, huzaliwa jiwe la kijani liitwalo malakiti.

Jiwe hili lina historia ya namna mbili. Kwa mtu mmoja ni kito cha kuvaliwa. Kwa mwingine ni shaba ambayo haijapita motoni. Watu wa kale wa Afrika ya Kati waliyajua mambo haya mawili pamoja, na moja ya njia zilizounganisha nchi yao ya shaba na pwani ya Bahari ya Hindi ilipita katika nchi hii ya Mpanda. Habari za jiwe hilo, basi, ni habari za nani alilijua, nani alilichukua, na nini kilibaki kwa wenye nchi.

Kwanza yafaa kueleza jiwe lenyewe. Malakiti ni shaba iliyoungana na hewa ya ukaa na maji. Shaba ikiwa bado ndani kabisa ya mwamba, mara nyingi huwa imefungamana na kiberiti, na rangi yake si ya kijani hata kidogo. Maji ya mvua yakiifikia pamoja na hewa huilainisha, huichukua, na kuiweka tena polepole katika mapengo ya mwamba, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana malakiti likikatwa na kusuguliwa huonyesha michirizi ya kijani kilichokolea na kijani chepesi, iliyozungukana kama pete za shina la mti au kama mawimbi ya ziwa. Hapana vipande viwili vyenye michirizi iliyo sawasawa.

Katika kila sehemu 100 za uzito wa malakiti safi, sehemu zipatazo 57 ni shaba tupu. Kwa hiyo jiwe hili ni zito. Uzito wake hukaribia mara nne ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Walakini si gumu. Katika kipimo cha ugumu wa mawe kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho almasi hushika namba 10, malakiti hupata baina ya 3.5 na 4, hata ncha ya kisu huweza kulikwaruza. Tena lina adui wawili: moto na vitu vichachu. Likitiwa motoni huacha rangi yake ya kijani likawa jeusi. Likidondoshewa asidi hutoa mapovu, kwa sababu ile hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake hutoka. Mtu aliyewahi kuona ukungu wa kijani juu ya chombo cha shaba kilichoachwa uani miaka mingi ameona ndugu wa malakiti. Shaba iliyosahauliwa hurudi kidogo kidogo katika hali ya jiwe iliyotoka.

Jina lake lilitoka kwa Wayunani, ambao walililinganisha na majani ya mmea wa jamaa ya bamia na mlenda kwa sababu ya ukijani wake. Lakini kabla Wayunani hawajalipa jina, Wamisri walikwisha kulitumia. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita walilisaga juu ya vibao vya mawe, wakalichanganya na mafuta, wakajipaka machoni. Katika lugha yao neno la rangi ya kijani lilikuwa pia neno la uzima na usitawi, kama mmea unaochipua ukingoni mwa mto Nile baada ya gharika. Pamoja na wanja huo wa kijani walikuwa na wanja mweusi, uliotengenezwa kwa galena, yaani jiwe la risasi lenye kumeta. Basi mawe mawili ya urembo wa Misri, la kijani na jeusi, yote mawili yamo katika miamba ya Mpanda.

Katika Roma, mwandishi Pliny, aliyefariki mwaka 79, alitaja jiwe la kijani la jina hilo kuwa hutumiwa kama hirizi ya kuwakinga watoto wachanga. Imani hiyo ilidumu karne nyingi katika nchi za Ulaya. Baadaye, katika karne ya 19, Warusi walipochimba malakiti kwa wingi katika milima ya Ural, jiwe likageuka kuwa alama ya enzi. Jumba la wafalme wa Urusi mjini St Petersburg lilipoungua mwaka 1837, chumba kizima kilijengwa upya kwa nguzo zilizovikwa malakiti. Nguzo hizo hazikuchongwa katika jiwe zima. Mafundi walilipasua jiwe kuwa vipande vyembamba vya milimita chache, wakavibandika kimoja kando ya kimoja, wakiilinganisha michirizi hata macho yasione maungo. Mwana wa mkulima alifungiwa hirizi na mfalme akajengewa chumba, na jiwe lilikuwa moja. Hirizi haikuzuia homa, wala nguzo hazikuzuia mapinduzi ya mwaka 1917. Maana ya jiwe hutiwa na watu, na watu wakiondoka huondoka na maana yao.

Hata hivyo, hapana mahali ambapo malakiti lilieleweka kwa undani zaidi kuliko Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi ya Karema. Huko vilima vya shaba hujitambulisha vyenyewe. Miti ya miombo haiwezi kustahimili shaba nyingi katika udongo, hivyo vilima hivyo huwa vipara katikati ya msitu, na juu yake huota majani mafupi na maua madogo yaliyozoea sumu hiyo. Mzee aliyejua kusoma nchi alipoona kilima kisicho na miti, chenye maua yale na vijiwe vya kijani miguuni pake, hakuhitaji kuambiwa neno jingine.

Kazi ya kuchimba ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingizwa ghalani na mashimo yakiwa makavu. Wanaume walichimba, mawe yakachambuliwa kwa rangi na uzito, lile lenye kijani kizito likawekwa kando, la hafifu likatupwa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto. Makaa ya miti migumu yalipangwa pamoja na mawe, na mivukuto ikapulizwa bila kupumzika. Hapo ndipo tabia za jiwe zilipotumika kwa hekima: moto hulitoa jiwe maji yake na hewa yake ya ukaa, likabaki shaba iliyoshikana na hewa safi, moshi wa makaa huichukua hewa hiyo nayo, ikabaki shaba tupu, ambayo huyeyuka joto likifika digrii 1,085. Wazee hawakuziandika hesabu hizo, lakini macho yao yalizijua kwa rangi ya ndimi za moto. Kazi ilikuwa na miiko yake, na mafundi wake walikuwa chama chenye heshima kilichoitwa kwa maana ya "wala shaba", kwa kuwa shaba ndiyo iliyowalisha. Mwaka 1926 mmisionari Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne alitoa maandishi juu ya mafundi hao, wakati ambapo kazi yao ilikuwa imekwisha kukomeshwa na waliobaki walikuwa wazee.

Shaba hiyo ilimiminwa katika kalibu za mchanga au udongo, ikatoka katika umbo la msalaba wenye mikono minne. Misalaba hiyo haikuhusu dini ya Kikristo. Ilikuwa mikuo ya biashara, na midogo yake ilikuwa fedha. Katika makaburi ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu kuanzia mwaka 1957, misalaba ya shaba ilionekana imewekwa pamoja na maiti, mingine mikononi na viunoni mwao, na iko iliyozikwa karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajafika. Mwaka 1806 Pedro João Baptista, mfanya biashara Mwafrika aliyetumwa kutoka Angola, alifika kwa mfalme Kazembe katika bonde la Luapula, na katika kumbukumbu zake alitaja mawe ya kijani yaliyochimbwa katika nchi ya Katanga. Biashara ilikuwapo, fedha ilikuwapo, na ufundi ulikuwapo.

Watu wa upande wa mashariki nao hawakulala. Wanyamwezi na majirani zao Wasumbwa walikuwa wasafiri hodari, nao walikwenda Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Baadhi ya misafara yao ilivuka Ziwa Tanganyika, mingine ikalizunguka kwa kusini. Nchi ya Ukonongo, ambayo leo imo katika mkoa wa Katavi, ilikuwa kati ya Tabora na ziwa, na wenyeji wake waliuza chakula kwa misafara. Shaba ya Katanga ilifika Unyamwezi ikafuliwa kuwa nyuzi na bangili. Mwanamke aliyevaa bangili hizo karibu na Tabora alikuwa amevaa, bila kujua labda, jiwe la kijani lililochimbwa mwendo wa miezi kutoka nyumbani kwake.

Katika wasafiri hao alikuwamo Kalasa, mfanya biashara Msumbwa, na mwanawe ambaye historia inamkumbuka kwa jina la Msiri. Yapata mwaka 1856 Msiri alikwenda Katanga na kukaa huko. Mgeni alikuja na bunduki chache, akawasaidia watawala wa huko katika vita vyao, kisha akawatawala. Wafuasi wake waliitwa Wayeke, na mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Wayeke waliongeza ufundi wa kuivuta shaba kuwa nyuzi nyembamba, na nguvu za Msiri zilitokana na kuuza upande wa mashariki na upande wa magharibi kwa wakati mmoja, akipokea bunduki na baruti kutoka bahari zote mbili. Si haki kusifu biashara hiyo bila kutaja upande wake wa giza. Pamoja na shaba, chumvi na pembe, misafara ilichukua watumwa, na wengi kati ya waliobeba mizigo katika njia hiyo hawakurudi makwao. Uzuri wa jiwe haufuti machozi ya aliyelibeba.

Habari za utajiri huo zilipofika Ulaya, njia ile ile ya wafanya biashara iligeuka kuwa njia ya wenye kutaka kutawala. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliweka kituo Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa wamisionari wa White Fathers. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na upande wa Leopold kuitwaa Katanga kabla Waingereza hawajaitwaa, ulitoka pwani na wapagazi wengi wa Kizanzibari, ukapita Tabora, ukakata nchi hadi Karema, ukavuka ziwa. Ulifika Bunkeya mwezi wa Desemba. Msiri alikataa kuipokea bendera ya wageni. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson akafa, na Bodson naye akapigwa risasi akafa. Njia iliyompeleka Msumbwa kwenye ufalme ndiyo iliyomletea mauti.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya matanuri yake ilitoka mjini Lubumbashi, ambao Wabelgiji waliuita Elisabethville. Machimbo ya kwanza ya kampuni hiyo hayakugunduliwa mahali papya. Yalikuwa Kalukuluku, palipokwisha kuchimbwa na wenyeji zamani. Kijana ambaye babu yake alikuwa fundi wa tanuri sasa aliajiriwa kusukuma magari ya mawe. Jiwe lilibaki katika nchi yake mpaka reli ilipofika. Ujuzi wa wenyeji ulikauka katika kizazi kimoja. Ilipofika mwaka 1960 na Katanga ikajitangaza kuwa dola kwa muda mfupi, ule msalaba wa shaba uliwekwa katika bendera yake, kana kwamba watu walitaka kukumbuka jambo ambalo mikono yao ilikuwa imesahau.

Mpanda nayo ilipata sehemu yake ya kisa hicho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo, katika machimbo ya Mukwamba. Kwa ajili ya machimbo hayo serikali ya kikoloni ilijenga reli ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 machimbo yalifungwa. Mji ulizaliwa kwa mawe, na mawe yakauacha ungali mchanga. Kilichobaki ni reli, na watu walioendelea kuitumia kwa safari na mazao yao. Baadaye wachimbaji wadogo waliyarudia mawe ya shaba ya wilaya hiyo kwa nyundo na sururu, wakiyatambua kwa alama ile ile waliyoitumia wazee wa Katanga, yaani rangi ya kijani. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje mchanga wa madini ya metali ambao haujasafishwa, na shabaha ya amri hiyo ilikuwa kwamba kazi ya kusafisha, na ujuzi wake, vikae nchini. Shauri hilo lilikuwa jipya kwa sheria, lakini kwa mafundi wa tanuri za vichuguu lingekuwa jambo la kawaida.

Si kila malakiti hustahili kuyeyushwa. Kipande kilichoshikana vizuri, kisicho na nyufa, chenye michirizi iliyo wazi, huwa na thamani zaidi kikiwa kito kuliko shaba iliyo ndani yake. Lakini thamani hiyo hudumu kwa kutunzwa, na matunzo yake hutoka katika tabia zile zile zilizosemwa. Kwa kuwa ni laini, pete ya malakiti haifai kuvaliwa wakati wa kulima au kusugua sufuria, wala isiwekwe kisanduku kimoja na vito vigumu, kwa maana huikwaruza. Kwa kuwa huchukia vitu vichachu, isiguswe na ndimu, siki wala dawa za kusafishia fedha, na jasho lifutwe mara ivuliwapo. Kwa kuwa huchukia joto, isioshwe kwa maji ya moto wala isiachwe juani siku kutwa. Kitambaa laini chenye maji kidogo chatosha, na nta kidogo huurudisha mng'ao uliofifia. Anayenunua na alipime mkononi: jiwe la kweli ni zito na baridi, na michirizi yake haijirudii, lakini la bandia la plastiki ni jepesi na lina michirizi iliyopangwa kama kitambaa cha kiwandani.

Zaidi ya hayo kuna matunzo ya mtu mwenyewe. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, nalo hudhuru mapafu. Mkata vito hana budi kulikata jiwe likiwa limelowana maji, kufunika pua na kinywa, na kunawa kabla ya kula. Wanja wa mawe nao, wa kijani na hasa wa risasi, usipakwe machoni mwa mtoto, hata kama mila yake ni ya kale. Jiwe hili halimponyi mtu. Humwomba mtu alijue.

Katumba yenyewe ilianzishwa mwaka 1973 kuwa makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Walipewa msitu, wakaugeuza kuwa mashamba, na kuanzia mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nao ni wageni waliokuja katika nchi ya mawe yasiyo yao, kama Msiri alivyokwenda Katanga na kama kampuni zilivyokuja na reli. Tofauti ni kwamba hawa walikuja na jembe, wakakaa. Watoto wao wamezaliwa juu ya mwamba wa Ubende na kuijua nchi hiyo kuwa yao. Katika bendera ya Tanzania rangi ya manjano ni ya madini, na ya kijani ni ya ardhi na mimea yake. Malakiti ni dini hiyo ya rangi iliyovunjwa: madini yaliyovaa vazi la mmea. Mtoto wa Katumba atakayeliokota njiani na akaweza kusema ni nini, limetoka wapi, na nani waliliyeyusha kabla yake, atakuwa amerudisha kitu kilichopotea katika njia ya Karema.